Ng'amba anarudi pale tu ambapo waliokuwa wanamvua ndio wamepewa kumlinda (uzi mrefu)

Upepo wa Kusi (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu.

Leo nataka tumuongelee ng'amba, yule kasa mwenye mdomo uliochongoka. Akitajwa huku mitandaoni mada huwa inaenda njia mbili, ama mtu anaweka picha nzuri ya kasa anaogelea na maneno "tulinde mazingira" basi imeisha, ama watu wanaanza kugombana wa kulaumiwa ni nani, mvuvi au mnunuzi. Mimi huyu kiumbe nimemsoma kwa muda mrefu na kuna kitu naona hakisemwi vya kutosha: sheria peke yake haijatosha kumrudisha, sehemu alizoanza kurudi ni zile ambazo watu wale wale waliokuwa wanamchukua walikaa mezani wakapewa kazi ya kumlinda na kazi hiyo ikawalisha. Kwa nini nasema hivyo nitaeleza, ila inabidi nianzie mbali, mnivumilie.

Kasa wa baharini wako aina saba duniani na ng'amba ni mmojawapo. Mkubwa wa kawaida gamba lake linafika sentimita 60 mpaka 90, uzito unacheza kwenye kilo 45 hadi 75. Ukitaka kumjua haraka angalia mgongo, magamba yake yanalaliana kama vigae vya paa, na huku nyuma pembezoni yamechongoka meno meno. Anaishi bahari za joto karibu zote, Hindi, Pasifiki na Atlantiki, na makazi yake hasa ni kwenye miamba ya matumbawe.

Ule mdomo una kazi. Anauingiza kwenye nyufa za mwamba anang'oa sifongo, wale viumbe laini wanaojibandika kwenye mawe na wasiotembea. Sifongo wengi mwilini wamejaa sindano ndogo ndogo za silika, yaani kitu kile kile kinachotengenezea kioo, na wengine juu ya hapo wana sumu, ndo maana wanyama wanaowala ni wachache sana. Mwaka 1988 mtafiti Anne Meylan alionyesha kwamba ng'amba wa Karibi karibu chakula chao chote ni sifongo, matumbo yamejaa hizo sindano na mnyama yuko mzima kabisa. Na hapa ndo anapoingia kwenye maisha yetu hata sisi ambao hatujawahi kumuona, maana sifongo na matumbawe wanagombea nafasi ile ile kwenye jiwe, sifongo akiachiwa anasambaa anamfunika tumbawe mpaka afe. Ng'amba akila, nafasi inafunguka. Takriban robo ya aina za viumbe wa baharini zinazojulikana zinategemea miamba ya matumbawe katika kipindi fulani cha maisha yao, kwa hiyo mtu yeyote anayekula samaki wa mwambani ana uhusiano na huyu kasa, ajue asijue.

Sasa tuje kwenye mgongo maana ndo uliomponza. Yale magamba ni keratini, kitu kile kile kilichotengeneza kucha na nywele zetu, ila ya kwake yamechanganya rangi ya asali, kahawia na nyeusi halafu mwanga unapenya. Ukiyapasha moto yanalainika, unayakunja unavyotaka, yakipoa yanabaki vile vile. Mafundi wa Japani wanaunganisha vipande viwili kwa maji, joto na kubana tu, bila gundi, na kiungo hukioni. Kabla ya plastiki vitu vyenye tabia hiyo vilikuwa vya kuhesabu, kwa hiyo watu waliyatamani kweli kweli: vitana, fremu za miwani, visanduku, vishikio vya visu, mapambo ya nywele, mpaka vile vidude vya kupigia nyuzi za gitaa.

Na si jambo la juzi. Kuna mwongozo wa mabaharia wafanyabiashara ulioandikwa kwa Kigiriki karne ya 1 unaitaja bandari ya Rhapta, kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kwamba huko zilitoka pembe za ndovu na magamba ya kasa. Roma, mwanahistoria Pliny anamtaja Carvilius Pollio kuwa ndiye wa kwanza kuyachana magamba kuwa vibao vyembamba vya kupambia vitanda na makabati. Ufaransa ya mfalme Louis XIV fundi wake André-Charles Boulle akayapanga na shaba kwenye fanicha za kifalme. Japani, hasa Nagasaki, kazi ya bekko, yaani kuchonga magamba ya ng'amba, ikawa ufundi unaorithishwa kwenye familia kwa vizazi.

Ila hesabu mbaya inaanzia karne ya 19. Mwaka 2019 watafiti walitoa kazi yao waliyoifanya kwa kupekua kumbukumbu za biashara, za Japani zikiwemo, wakakuta kwamba kati ya 1844 na 1992 waliuawa ng'amba karibu MILIONI TISA kwa ajili ya magamba. Makadirio ya kabla ya hapo yalikuwa chini ya hiyo zaidi ya mara sita. Milioni tisa jamani, wa mnyama anayechukua miaka 20 hadi 40 ndo aanze kuzaa.

Na namna ya kuyatoa, sitaki kuipamba. Sehemu nyingi walimning'iniza kasa juu ya moto au wakammwagia maji ya moto akiwa hai mpaka magamba yakaachia, wengine wakamrudisha baharini kwa imani kwamba yataota tena. Hayaoti vile. Hiyo imeandikwa na wasafiri wa mabara tofauti tofauti, kwa hiyo nisisikie mtu akisema ni tabia ya watu fulani.

Mwaka 1977 ng'amba wote duniani wakaingia kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES, ule mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, maana yake biashara ya kimataifa marufuku. Japani ilipojiunga na mkataba 1980 ikaweka pingamizi kwa ng'amba, ikaendelea kununua kihalali, mpaka Marekani ilipotishia vikwazo 1991 ndo ikakubali kusimamisha uagizaji mwisho wa 1992, na pingamizi lenyewe likaondolewa 1994. Miaka kumi na tano ya marufuku, na mnunuzi mkubwa kuliko wote alikuwa nje ya marufuku. Mwaka 1996 IUCN, ule muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa asili, ikamweka kwenye kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, na mpaka sa hivi hajatoka humo.

Ngoja niishie hapa kwanza, nitaendelea kadiri mnavyouliza.

Chumvi Kali

Mkuu umeshusha nondo. Swali langu, kwani nyama yake inaliwa? Maana naona umeongelea gamba tu.

Upepo wa Kusi

Mkuu Chumvi Kali hilo swali ni la uhai na kifo kwa hiyo nalijibu kwa kirefu.

Nyama ya kasa wa baharini inaweza kuua, na ng'amba ndiye mmoja wa wanaotajwa sana kwenye matukio hayo. Kumbuka nilichosema, anakula sifongo wenye sumu na yeye hadhuriki, inadhaniwa sumu inatokana na anachokula na kuganda mwilini mwake. Mtu akila anaanza kuwashwa na kuungua mdomoni na kooni, vidonda vya mdomo, kichefuchefu, kutapika, kisha usingizi mzito, na wengine hawaamki. Watoto ndo wanaangamia zaidi. Sumu inapita hata kwenye maziwa ya mama, kuna vichanga vimeathirika ambavyo havijawahi kuonja nyama. Dawa ya kuipinga haipo, hospitali wanakusaidia mwili upambane tu. Na KUPIKA HAKUONDOI, chemsha, kaanga, kausha, iko pale pale.

Machi 2024 kule Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wakalazwa. Sitasema alikuwa aina gani ya kasa maana kwa aliyezika mtoto haisaidii, ninachosema ni kwamba kasa wanaliwa miaka na miaka bila shida halafu siku moja anakuja mmoja mwenye sumu na kwa macho huwezi kumtambua, hana rangi tofauti, hana harufu tofauti. Hata kumpa paka kwanza alambe si kipimo cha kumuamini, madhara yanaweza kuchelewa saa nyingi mpaka siku. Ukisoma hapa na una ndugu anayekula, mwambie leo.

Mama Salma wa Pili

Kaka Upepo Mungu akulipe kwa hilo la watoto, nimelituma kwenye kundi la familia sasa hivi. Sikujua kabisa habari ya maziwa ya mama.

Jarife Refu

Mleta uzi nakuheshimu ila mimi nitasema ukweli wangu. Hizi habari za kulinda kasa zinaletwa na watu wenye kushiba. Mvuvi ana watoto wanataka ada, ametega jarife lake usiku asubuhi anakuta kasa kanasa ameshakufa, unataka afanyeje? Amrudishe baharini halafu arudi nyumbani mikono mitupu na bado atafutwe na askari kama jambazi? Mayai ya kasa yako pale mchangani hayana mwenyewe, mtu akichimba akauza amemuibia nani? Binadamu kwanza.

Upepo wa Kusi

Jarife Refu mkuu, karibu sana, na kusema kweli wewe ndo nilikuwa nakusubiri. Sikupingi kwamba binadamu kwanza. Ninachopinga ni ile kuamini kwamba lazima mmoja aumie ndo mwingine apone, kwa sababu kuna sehemu wamejaribu njia zote mbili na matokeo tunayaona.

Chukua visiwa vya Arnavon, huko Visiwa vya Solomon. Hapo ndo kuna mazalio makubwa ya ng'amba kuliko yote kwenye eneo lile la Pasifiki, na yalikuwa yanavunwa tangu karne ya 19. Serikali ikatangaza hifadhi bila kumaliza suala la nani ana haki na vile visiwa kimila. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mmoja wa wanaodai ardhi akaenda akachoma majengo ya hifadhi, mambo yakafa. Kasa wakaendelea kuchinjwa. Baadaye wakarudi kwa njia nyingine kabisa, wakakaa na jamii tatu zinazodai visiwa vile, Kia, Wagina na Katupika, mazungumzo marefu, na 1995 likaanzishwa eneo la hifadhi linalosimamiwa na jamii zenyewe, walinzi wanatoka kwenye vijiji hivyo hivyo na wanalipwa. Kati ya 1995 na 2012 idadi ya viota ikawa mara mbili. Mwaka 2017 pakawa hifadhi ya taifa. Kisiwa ni kile kile, kasa ni wale wale, kilichobadilika ni nani amepewa kauli.

Haya uje kwenye mayai ambayo unasema hayana mwenyewe. Pwani ya Pasifiki ya Amerika ya Kati mpaka mwaka 2007 wanasayansi walikuwa wanaamini ng'amba wa upande ule wamekwisha, hakuna aliyekuwa anawaona. Kumbe wachuma mayai walikuwa wanajua siku zote walipo! Walikuwa kwenye mikoko, sehemu ambayo wataalamu hawakufikiria kutafuta maana kila mtu anajua ng'amba ni wa mwambani. Vituo viwili vikubwa vikatambulika, Bahía de Jiquilisco huko El Salvador na Estero Padre Ramos huko Nicaragua. Wakati huo karibu kila kiota kilikuwa kinachimbwa na mayai kuuzwa. Walichofanya ni kumwendea yule yule mchuma mayai, wakamwambia ukiona kiota tuite, mayai tunayapeleka kwenye banda la kutotolea na wewe unalipwa. Wale jamaa wanajua alama za kasa kwenye mchanga gizani kuliko profesa yeyote. Sasa niambie hapo nani ameonewa?

Kuhusu kasa aliyenasa kwenye jarife, hapo uko sahihi na mimi sina jibu rahisi. Kasa anapumua hewa, akinasa chini anazama anakufa. Nyavu za kutega zinamuua sana, na mvuvi hakuwa na nia naye. Pale ambapo mvuvi anaadhibiwa kwa kusema ukweli basi hatasema, atamzika kimya kimya au atamla, na tumeshaona kula kunaleta nini. Kinachosaidia ni kukubaliana na wavuvi wenyewe wapi na lini nyavu zisitegwe, hasa karibu na fukwe za mazalio msimu wa kutaga, na akipatikana hai asaidiwe kupumua na aachiwe bila mtu kuitwa jambazi. Hiyo haifanyiki kwa kutuma askari.

Jarife Refu

Nimekusoma mkuu. Hiyo ya wachuma mayai kulipwa naikubali, ila tatizo mradi ukiisha na hela zinaisha, mtu anarudi kuchimba. Wafadhili tunawajua.

Upepo wa Kusi

Kweli kabisa, na hilo ni udhaifu ambao haupaswi kufichwa. Ng'amba anataga baada ya kila miaka miwili mpaka minne, na mtoto anayetotolewa leo atarudi kutaga baada ya miaka ishirini na zaidi, sasa ufadhili wa miaka mitatu unasaidia nini hapo. Ndo maana nilisema kazi iwalishe, isiwe posho ya msimu.

Nahodha Mstaafu

Salaam nyote. Vijana hawajui lakini zamani kasa alikuwa anavuliwa kwa samaki. Yule chazo, anayejibandika kwenye papa kwa kile kidude cha kichwani. Anafungwa kamba mkiani, mkimuona kasa anaachiwa, anaenda anajibandika kwenye gamba, mnavuta taratibu. Hakuachii.

Upepo wa Kusi

Nahodha shikamoo. Umenikumbusha jambo kubwa sana. Ufundi huo huo umeandikwa kwenye pwani ya Afrika Mashariki karne ya 19, Waingereza walioushuhudia hawakuamini macho yao, na umeandikwa pia kwa wenyeji wa Karibi wakati wa safari ya Columbus ya 1494 pembezoni mwa Cuba, na kwa watu wa mlango wa bahari wa Torres kaskazini mwa Australia. Watu ambao hawakuwahi kukutana, kila mmoja kwa akili yake akamsoma chazo na kasa mpaka akajua kuwaunganisha. Ndo ninachosema, aliyemvua kasa vizazi na vizazi ana elimu juu yake ambayo haiko darasani. Ukimfukuza mtu huyo ufukweni umefukuza na hiyo elimu.

Binti Mwambao

Naomba nichangie upande wa mazalio maana watu wanadhani adui ni mvuvi peke yake.

Ng'amba jike msimu mmoja anapanda ufukweni mara tatu mpaka tano, kila kiota mayai mia na thelathini, mia na sitini, wengine hadi mia mbili na zaidi. Hapendi mchanga mtupu, anapenda kutambaa mpaka juu kwenye majani na vichaka chini ya miti. Kwa hiyo ukifyeka ile mimea ya ufukweni ili mandhari ionekane safi umemfukuza. Ukijenga ukuta wa kuzuia mawimbi anagonga ukuta anageuka. Na mayai yanakaa kama siku 60, joto la mchanga ndo linaamua yatoke madume au majike, mchanga wa moto unatoa majike, wa ubaridi madume, mpaka wake uko kwenye nyuzi joto 29 hivi. Kivuli kikiondoka na dunia nayo inazidi kupata joto unapata majike watupu, sasa watazaa na nani?

Taa nazo. Vifaranga wakitoka usiku wanafuata upande unaong'aa zaidi chini kwenye upeo, ambao kwa asili ni bahari. Ukiwasha taa kubwa nyuma ya ufukwe wanageuka wanaelekea kwenye taa, asubuhi unawakuta wamekauka au wameliwa na kunguru na kaa. Hakuna mvuvi hata mmoja hapo. Na hilo linarekebishika usiku huo huo, funika taa, igeuze, au izime msimu wa kutotoa. Mwenye jengo la ufukweni anaweza kuua kasa wengi kuliko mvuvi mwenye jarife na hakuna anayemuita jambazi.

Upepo wa Kusi

Dada Binti Mwambao ahsante sana, hapo umemaliza. Niongeze moja tu la hatari kwenye mayai. Kwa sababu kasa anaishi sana na anakomaa polepole, ufukwe unaweza kuchimbwa mayai yote miaka ishirini mfululizo na bado kila msimu mnaona majike wanapanda, watu wanasema "mbona wapo?" Hao wanaopanda ni wa zamani, waliototolewa kabla uchimbaji haujaanza. Wakizeeka wakafa, nyuma yao hakuna mtu, ufukwe unanyamaza ghafla na hakuna anayeelewa imekuwaje. Makosa yanafanywa na kizazi kimoja, bili inakuja kwa kingine.

Chumvi Kali

Sasa kwa nini wasifugwe kama kuku? Ukifuga unauza gamba halali na wa baharini wanapumzika. Naona hapo watu wangepata hela na kasa wangepona.

Upepo wa Kusi

Wengi wanauliza hilo na halijakaa vibaya. Shida iko sehemu mbili. Moja ni mnyama mwenyewe, anakula sifongo na anachukua miongo kukomaa, ni nani atamlisha miaka yote hiyo ndo auze kilo moja hivi ya magamba? Lile shamba maarufu la kufuga kasa la visiwa vya Cayman, huko Karibi, ni la kasa wa kijani, yule anayekula nyasi za baharini akiwa mkubwa, siyo ng'amba. Ya pili ni kwamba gamba halali na gamba la wizi yanafanana. Ukifungua mlango wa halali yale ya wizi yanapita hapo hapo.

Mjadala huu ulishafika juu kabisa. Cuba iliomba kwenye mikutano ya CITES iruhusiwe kuuza magamba iliyonayo, Harare 1997 ikakataliwa, Nairobi 2000 ikakataliwa tena. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi, walisema wanavuna kidogo na kwa hesabu, lakini ng'amba hana pasipoti, anakula kwenye mwamba wa nchi moja anaenda kutaga nchi ya tatu, na jirani aliyelinda kiota miaka ishirini anaona kasa wake anavunwa kwingine. Mwaka 2008 Cuba wenyewe wakaacha uvuvi huo.

Mfano ninaoupenda mimi ni Shelisheli. Kule ng'amba wana tabia ya kupanda kutaga MCHANA, yaani kumkamata ni kazi ya dakika, na kulikuwa na mafundi kabisa wanaoishi kwa kuchonga magamba. Serikali haikuamka asubuhi moja ikawaambia mmekuwa wahalifu. Kwanza wakakaa na mafundi, akiba yao ya magamba ikanunuliwa, wakalipwa na kusaidiwa kuhamia kazi nyingine, halafu 1994 ndo sheria kamili ikapita. Mwaka 1998 ile akiba ikachomwa moto hadharani, tani mbili na zaidi. Na kwenye kisiwa cha Cousin ambacho kimehifadhiwa tangu 1968, viota vya ng'amba vimeongezeka takriban mara nane tangu miaka ya 1970. Mtu akiniambia haiwezekani namuelekeza huko. Ona na mpangilio, kwanza mtu, halafu sheria, halafu moto.

Mama Salma wa Pili

Kaka mimi nina kitana cha marehemu bibi, watu wanasema ni cha ng'amba wa kweli. Nimeanza kuogopa sasa. Nitajuaje, na nikitupe? Na hivi vya madukani vya rangi hiyo hiyo navyo ni vya kasa?

Upepo wa Kusi

Mama Salma usikitupe, hakuna kasa atakayefufuka kwa kukitupa, hicho ni kumbukumbu ya bibi yako. Usikiuze tu, wala usisafiri nacho kuvuka mpaka bila kibali, maana hata vitu vya kabla ya mkataba vinahitaji cheti cha mamlaka ya CITES ya nchi yako, ukikutwa huna wanakitaifisha na unaweza kushtakiwa.

Kujua: kishike kwenye mwanga mkali. Gamba la kweli madoa yake hayafanani pawili, na ukitazama kwa lenzi unaona rangi imeundwa na vitone vidogo vidogo vingi, mpaka kati ya rangi na rangi umefifia. Plastiki mara nyingi michoro inajirudia na mipaka ya rangi inaonekana imemwagwa. Gamba likiunguzwa linanuka nywele zilizoungua, plastiki inanuka plastiki, ila hicho cha bibi usikichome bwana, utakiharibu.

Vya madukani vingi sana ni plastiki. Kuanzia John Wesley Hyatt alipoanza kutengeneza seluloidi, plastiki ya mwanzo mwanzo, huko Marekani karibu na 1870 viwanda viliiga rangi ya ng'amba haraka, na fremu nyingi za miwani zenye rangi hiyo leo ni asetati, aina nyingine ya plastiki. Hiyo iliwapunguzia ng'amba presha, japo plastiki hiyo hiyo sasa inaelea baharini na wanaimeza. Pa kuwa makini ni maduka ya zawadi ufukweni kwenye nchi za joto, bangili na pete na hereni, hapo bado ya kweli yanauzwa chini chini. Siku hizi kuna programu ya simu inayoitwa SEE Shell, unapiga picha inakuambia kama linaelekea kuwa gamba la kweli au la kuiga.

Binti Mwambao

Na muuzaji akikuambia "huyu alikufa mwenyewe" bado usinunue, ukinunua la aliyekufa mwenyewe kesho atakuletea la aliyeuliwa na maneno ni yale yale.

Jarife Refu

Mleta uzi nina swali la mwisho kabla sijalala. Hao walinzi wa Arnavon, wanalipwa na nani sa hivi?

Upepo wa Kusi

Mkuu, kwa muda mrefu zilikuwa hela za mashirika ya uhifadhi ya nje, ndo ile hofu yako. Kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2017 kumewapa nguvu ya kisheria, kabla ya hapo mlinzi akimkuta mtu na kasa alikuwa hana mamlaka naye, lakini sheria hailipi mshahara. Kwa hiyo swali lako linabaki wazi na ni zuri, wenye uzoefu wa mifuko ya vijiji au vikundi vya usimamizi wa fukwe waje hapa waseme ni njia ipi imedumu baada ya mfadhili kuondoka.